Giaboksi Haifunguliwi? Jawabu kwa Gereji za Rwamishenye

Ipo rai moja ambayo, katika gereji za Rwamishenye, imekwisha kushika daraja ya itikadi, nayo ni hii: kwamba giaboksi ya gari haifunguliwi; kwamba ikianza kulia, au ikikataa gia, au ikichomoa gia njiani, dawa yake ni moja tu, nayo ni kuishusha, kuitupa pembeni na kupandisha nyingine iliyotoka Japani; na kwamba mwenye gari anayethubutu kuuliza ni kitu gani kilichokufa ndani yake, sembuse kutaka kukitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, ni mtu wa kuchekwa, au wa kuhurumiwa, kwa kuwa hajui kuwa zama zimebadilika. Rai hii husemwa kwa utulivu wa watu waliokwisha kumaliza maneno. Huisema fundi aliyelala chini ya Hiace, na muuza spea nyuma ya kaunta yake, na dereva wa mchomoko anayengoja abiria wa Muleba, na tajiri aliyepigiwa simu aambiwe kiasi cha kutuma. Na kwa kuwa wote wanne wanasema mamoja, msikilizaji hudhani kwamba amesikia mashahidi wanne, ilhali akichunguza ataona kuwa ni shahidi mmoja anayesema kwa vinywa vinne. Nakusudia kuipinga, si kwa kuwa nachukia vitu vya Japani, ambavyo vimetufaa sana, bali kwa kuwa naiona ni hukumu inayotolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Insafu yataka hoja ya mpinzani ielezwe kwanza kwa nguvu zake zote. Rwamishenye imekaa juu ya mteremko wa kushukia mji wa Bukoba, na magari yatokayo Muleba na Kemondo, Kyaka na mpakani Mutukula, hupita hapo kabla hayajashuka mjini kando ya ziwa. Kwa hiyo gereji zake aghalabu hazihudumii magari ya matembezi bali magari ya riziki. Gari la riziki lina hesabu ya kila jioni. Siku linapolala juu ya mawe, tajiri hapati hesabu, dereva hapati posho, na mkopo uliolinunua hausimami kungoja. Giaboksi kamili hupandishwa asubuhi na jioni gari likarudi barabarani. Ilhali kuifungua ya zamani, kuipima, kusaka beringi moja mjini kote na kuikosa, kuiagiza Mwanza, kuingoja, kisha kuifunga na huenda kuifungua tena, ni kazi iwezayo kula wiki nzima. Hiyo ndiyo hoja yao iliyo bora, na mtu asiyeijibu hajajibu kitu. Zile nyingine, kama vile kusema kwamba chuma kilichofunguliwa na binadamu hakirudii hali ya kiwandani, au kwamba ufundi ni wa fundi na pesa ni za tajiri na kila mmoja akae mahali pake, nitazifikia kwa zamu yake, maana uzito wake haulingani.

Lakini kabla ya kubishana juu ya dawa, tuulize kwanza kama maradhi yenyewe yamejulikana. Katika magari ya gia za mkono, kina Hiace na Hilux na Canter, giaboksi si haba zinazohukumiwa kufa hazina kosa lolote. Mkosaji ni klachi. Gia zote zikiwa ngumu kuingia wakati injini inaunguruma, lakini zikaingia kwa ulaini mara inapozimwa, basi klachi haiachii sawasawa: huenda mafuta yake yamepungua, au masta silinda ya juu imeanza kupitisha, au ile silinda ndogo ya chini inavuja taratibu ndani ya kofia yake ya mpira, ambayo mvivu hajisumbui kuifunua. Mlio nao una maana zake. Ukisikika gari likiwa frii na mguu haujagusa pedali, ukanyamaza mara klachi inapokanyagwa, shaka yaelekea kwenye beringi za ndani, hasa ile ya shafti ya kuingilia. Ukizuka pale tu klachi inapokanyagwa, ni beringi ya klachi, ambayo haimo ndani ya giaboksi hata kidogo. Ukisikika katika gia ya 1, ya 2, ya 3 na ya 5, lakini ukapungua sana katika gia ya 4, ambayo katika giaboksi nyingi za magari yenye propela ndiyo inayopitisha nguvu moja kwa moja pasi na kuitwisha mzigo shafti ya kati, basi shafti hiyo ya kati na beringi zake ndizo za kushukiwa. Mambo haya hayahitaji chombo wala shahada. Yahitaji sikio, mguu, na robo saa ya utulivu katika barabara ya Kemondo. Nimepata kumsikia fundi mmoja, kijana hodari wa mikono, akimwambia mteja mwenye mvi, "Waitu mzee, hii imekwisha, tafuta nyingine tu," naye mzee akamjibu pole pole, "Mwanangu, umeijaribu kwenye gia ya nne?" Kijana hakuwa ameijaribu katika gia yoyote. Gari lilikuwa limevutwa hadi hapo, na hukumu yake aliijenga juu ya masimulizi ya dereva.

Ushahidi wa pili umo katika oili, na hapa namwomba msomaji ainame nami chini ya gari. Nati ya kumwagia oili, katika giaboksi nyingi za namna hii, ina sumaku kwenye ncha yake. Oili imwagwe ikiwa bado ya moto, mara baada ya mwendo, ndani ya karai safi, kisha nati ile ipelekwe kwenye mwanga wa jua. Tope laini la kijivu lililoganda kwenye sumaku, ambalo likisuguliwa baina ya vidole viwili halikwaruzi, ni uzee wa kawaida ambao kila giaboksi huwa nao. Vumbi la manjano linalometa ndani ya oili na kukataa kushikwa na sumaku ni shaba, nayo yatoka kwenye ringi za sinkronaiza. Vipande vyembamba ving'aavyo, vyenye ncha, mithili ya magamba ya dagaa, ni uso wa beringi unaobanduka. Kipande kinene chenye kona ni jino la gia, na hapo mizani hubadilika. Oili iliyotoka nzito na yenye weupe imeingiliwa na maji, jambo lisilo ajabu katika mwambao huu wa ziwa unaopata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ambako gari la shamba huvuka madimbwi yanayofika usawa wa tundu la pumzi la giaboksi. Oili yote hiyo ni lita chache tu. Kwa gharama ya lita hizo, mwenye gari hupata habari ambayo hakuna muuzaji atakayempa, kwa sababu ni habari inayoweza kumfanya asinunue.

Tuje sasa kwenye neno lenyewe, kwamba giaboksi haifunguliwi. Tangu Cadillac walipotia sinkronaiza katika magari yao mwaka 1928, giaboksi ya mkono haijaongezewa siri kubwa: ni shafti tatu ndani ya nyumba ya aluminiamu au ya chuma, ni jozi za gia ambazo meno yake yamekwisha kuumana daima, ni mikono inayosukuma, na ni ringi za shaba zinazokamata koni ya gia na kuilinganisha mwendo kabla haijaingia. Kila kilichomo chaweza kushikwa kwa mkono, kuonekana kwa jicho na kupimwa. Lakini ndani ya uongo huu umefichama ukweli, nao ni kwamba giaboksi nyingi zilizofunguliwa zimerudi upesi zikilia vilevile. Hilo silikatai; nakataa sababu inayotolewa. Hazikurudi kwa kuwa zilifunguliwa, bali kwa namna zilivyofungwa.

Nani asiyeijua namna hiyo? Beringi hung'olewa kwa tindo na mpya ikapigiliwa kwa nyundo juu ya ringi ya nje, ilhali ringi inayokaza kwenye shafti ni ya ndani, hata kishindo chote kikapita katikati ya gololi na kuzitobolea vishimo njia zake, na beringi ikawa imekwisha kuzeeka kabla gari halijatoka gereji. Pula ya kuing'olea na kipande cha bomba cha kipimo sawa cha kuirudishia, ndivyo vyote vilivyokosekana. Sirklipi, ambazo kiwanda huzitoa kwa unene mbalimbali ili mfungaji achague ile inayoondoa plei ya shafti, hurudishwa zilezile zilizolegea. Ringi ya sinkronaiza haipimwi, wakati kipimo chake ni chepesi kuliko kupima unga: husukumwa kwa vidole kwenye koni yake, kisha filageji ikatiwa katika mwanya uliobaki kati ya ringi na meno ya gia; mwanya ukiwa umesinyaa chini ya kipimo kilichotajwa katika kitabu cha fundi, ringi ile imefika ukingoni mwa maisha yake, hata kama kwa macho yaonekana nzima. Beringi inayopiga kelele hubadilishwa peke yake, na dada zake watatu waliokula vumbi lilelile la chuma huachwa. Na baada ya yote hayo humiminwa oili ya difu, namba 140, ati kwa kuwa ni nzito na yafunika mlio. Yaufunika kweli, kwa muda; lakini asubuhi ya baridi ya Bukoba ringi ya shaba haiwezi kuupasua utando mzito kama huo ili ishike koni yake, na gia ya 2 hukwaruza hadi jua lipande; kisha salfa iliyomo katika oili nyingi za difu, zile za daraja ya GL-5, huweza kuishambulia shaba yenyewe. Giaboksi nyingi za namna hii huomba oili nyepesi zaidi, kama 75W-90 ya daraja ya GL-4, nayo imeandikwa kwenye kopo. Mtu akiyatenda yote hayo kisha akasema giaboksi haifunguliwi, ametoa ushahidi juu ya nyundo yake, si juu ya giaboksi.

Ama hiyo iitwayo ya Japani, nitaisemea haki yake. Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama kubwa kiasi cha kuwafanya wenye magari wengi kuyaacha yangali na nguvu. Ndiyo maana viungo vingi vya magari hayo hutufikia vikiwa bora kuliko vile vilivyozaliwa upya katika karakana zetu. Mtu aliyebahatika kupata giaboksi ya namna hiyo, na akaipandisha, na ikamtumikia miaka, hana sababu ya kunisikiliza. Ila neno Japani halikuandikwa kwenye chuma. Limeandikwa kwenye ulimi wa muuzaji. Giaboksi iliyolala mezani pake haina kitabu cha safari, haina saa ya kilomita, na oili yake ilimwagwa zamani kabla ya kusafirishwa, kwa hiyo hata ile habari ya sumaku tuliyoisoma kwenye yetu haipo. Kama ilikaa miezi nje, tundu lake la juu likiwa wazi, mvua iliingia na gololi zikapata kutu upande mmoja. Kama ilitoka kwenye gari lililopinduka hapa hapa nchini, ikaoshwa kwa petroli na kupigwa rangi ya silva, nani atakayejua? Wachuuzi wa magari wa Marekani wa zamani wanasimuliwa kuwa walitia vumbi la mbao ndani ya giaboksi mbovu ili inyamaze mpaka mnunuzi afike mbali. Sisi tuna ile 140. Kuibadilisha giaboksi ambayo ugonjwa wake umeujua kwa nyingine ambayo ugonjwa wake huujui, na kulipa fedha juu yake, ni tadbiri ambayo ingetazamwa kwa mshangao katika biashara nyingine yoyote.

Sasa ile hoja ya muda, ambayo niliahidi kutoikimbia. Kwanza, kazi ya kushusha na kupandisha ni moja kwa pande zote mbili: propela itatolewa, maunti zitafunguliwa, klachi itaonekana, sili ya nyuma ya krenki itakaguliwa, na mzigo ule utashushwa na kupandishwa tena, uwe umeamua kutengeneza au kubadilisha. Tofauti iliyobaki ni ya kazi ya mezani tu. Pili, wenye kuhesabu siku za kutafuta beringi husahau kuhesabu siku za kutafuta giaboksi. Ya Hiace ya dizeli haikai kwenye injini ya petroli, ya magurudumu mawili si ya manne, na mbili zinazofanana kama pacha zaweza kutofautiana katika uwiano wa gia au katika mahali pa kebo ya spidi. Basi tajiri hupiga simu Mwanza. Akikosa, hutuma mtu avuke Mutukula aende soko la Kisekka la Kampala, mwendo wa kilomita zipatazo 300. Au huagiza Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,300, na mzigo wa makumi ya kilo ukaja juu ya basi. Na ukifika, tundu moja la bolti likikataa kulingana, safari huanza upya. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limetuondolea kungoja kivuko cha kwenda Mwanza, lakini halikutuondolea kununua kisichofaa.

Beringi, kinyume chake, ina jina linalojulikana dunia nzima. Namba 6306, iliyochongwa ubavuni mwake, maana yake ni tundu la milimita 30, kipenyo cha nje milimita 72 na upana milimita 19, iwe imetengenezwa Osaka au Ujerumani. Na herufi zinazofuata, kama NR, hueleza kwamba ina mfereji wenye ringi ya kuishikilia. Mtu hupiga picha ya namba ile kwa simu, huituma kwa mwenye duka Mwanza au Kampala, na kitu cha kukaa kiganjani husafiri na basi la usiku. Na jambo ambalo watetezi wa kubadilisha hawalitaji kamwe ni kwamba giaboksi ya mkono ni nadra kufa ghafla. Hutoa notisi. Hulia kwa majuma, mara nyingi kwa miezi, kabla haijasimama. Na mwenye gari aliyeisikiliza mapema, akasoma sumaku yake, aweza kukusanya beringi, ringi, sili na gasketi zote ndani ya kasha kabla bolti moja haijafunguliwa, kisha akachagua siku mbili za biashara baridi. Wiki inayoliwa gerejini haiibwi na kutengeneza. Huibwa na kungoja mpaka gari lianguke ndipo mtu aanze kuuliza.

Nimebakiwa na hoja ya kwamba kila mtu na kazi yake, ambayo ina adabu nzuri na hutolewa kwa sauti ya kumstahi fundi. Mkoani Kagera hoja hiyo ni ngeni. Watu waliokuwa vijana hapa baada ya vita vya 1978 na 1979, Daraja la Kyaka likiwa limebomolewa na majeshi ya Amin, na malori ya mashirika na ya watu binafsi yakiwa yamechakaa kwa kazi za vitani, wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980 ambapo dukani hapakuwa na sabuni, seuze giaboksi. Dereva wa lori la kahawa alijua kilichomo ndani ya giaboksi yake kwa kuwa alikaa kando ya fundi mpaka ikafungwa, akishika taa, akiosha gia kwa dizeli. Na bushi iliyokwisha ilikerezwa upya kwa shaba. Najua nitakachojibiwa: kwamba ile ilikuwa shida, na shida si elimu. Lakini tangu magari na spea za mitumba zianze kumiminika, ni elimu ileile iliyotupwa pamoja na shida, wala hakuna aliyetueleza faida ya kuzitupa zote mbili.

Jambo hili si la mara ya kwanza katika ardhi hii. Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science, mwaka 1978, habari za matanuri ya kale ya kuyeyushia chuma katika Uhaya, likiwamo eneo la Kemondo, kwenye barabara hii hii tunayojaribia gia. Na ingawa wataalamu wengine walibishana nao juu ya kadiri ya joto na namna hewa ilivyopashwa moto, mabishano hayo siyaingilii. Linalonigusa ni kwamba walipotaka kuiona kazi yenyewe, wazee wa Kihaya waliwajengea tanuri kwa kumbukumbu zao, maana uyeyushaji ulikuwa umekoma miongo kadhaa nyuma, chuma kilicholetwa kutoka ng'ambo kilipokuwa kimeenea na kuwa rahisi. Leo vijana hufundishwa ufundi vyuoni, kama katika kile chuo cha VETA cha mkoa kilichofunguliwa Burugo mwaka 2022, kisha huja mitaani kujifunza upya kwamba mafundisho yale ni ya darasani na kwamba fundi wa kweli ni yule anayebadilisha upesi.

Simwambii kila mwenye gari avae ovaroli. Namwambia kwamba aweza, akitaka. Na kwamba kama hataki, akae kwenye ubao kando ya fundi siku inapofunguliwa. Anayetaka kuifungua mwenyewe na awe na mambo machache: meza iliyofunikwa, vyombo vya kupangia kila kitu kwa utaratibu kilivyotoka, picha kila hatua, kitabu cha fundi cha modeli ileile, na mtu wa pili. Mtu wa pili huyo si wa mazungumzo. Giaboksi ya Hiace haibebwi kifuani na mtu mmoja aliyelala chali, na gari lililoshikiliwa na jeki pekee si gari la kuingia chini yake. Stendi za chuma au magogo mazima yawekwe, lisukumwe kwa bega kuona kama latikisika, ndipo mtu aingie.

Yapo pia mahali ambapo nawakubalia wapinzani wangu bila masharti mengi. Nyumba ya giaboksi ikipasuka, tupa. Meno ya gia mbili tatu yakikatika na shafti ikaliwa, piga hesabu ya vipuri, na ikikaribia bei ya giaboksi nzima, nunua nzima, ila uifungue kifuniko uitazame kabla hujaipandisha. Na gari likiwa la otomatiki, maneno yangu mengi hapo juu hayana nguvu: ndani yake mna valvu bodi yenye mifereji ambayo chembe moja ya mchanga huiziba, mna pleti za klachi kwa tabaka, na kazi yake yataka usafi na geji za presha ambazo gereji ya chini ya mwembe haina. Zaidi tena kwa zile CVT, kama zilizomo katika Toyota IST za toleo lililoanza 2007, zinazokwenda kwa mkanda wa chuma baina ya puli mbili; asili yake ni ile mikanda ya mpira ya gari la DAF la Kiholanzi la mwaka 1958, ila sasa puli ikikwaruzika kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, hakuna fundi wa Bukoba atakayeisawazisha. Hata huko, lakini, hukumu isitangulie. Nyingi huanza kuugua kwa kunyweshwa oili ya aina nyingine, kama vile haidroliki yoyote nyekundu iliyokuwa karibu, ilhali kijiti cha oili au kitabu cha gari kimetaja jina lake waziwazi. Na waya uliooza au sensa iliyokufa huweza kuifunga katika gia moja ikafanana kabisa na maiti. Oili sahihi na mashine ya kusoma kompyuta ya gari hutangulia jeneza.

Limebaki jambo moja dogo la kuwauliza wale wanaosema kuwa giaboksi mbovu ni chuma chakavu kisichofunguliwa. Kwa nini, unapokwenda kununua nyingine, muuzaji hukuuliza mara moja kama umeileta ya zamani, na ukiwa nayo hukupunguzia bei, kwa kiasi kinachozidi sana bei ya chuma cha kilo? Haipokei ili aipambe dukani. Kuna mtu, nyuma ya duka au katika mji mwingine, atakayeilaza mezani, ataitoa beringi iliyolia, atatia nyingine, ataifunga, ataiosha kwa petroli na kuipaka silva. Na juma lijalo itasimama kwenye kaunta na kuitwa ya Japani, ikimngoja tajiri mwingine aliyeambiwa kuwa ya kwake haifunguliwi. Basi aliyekwisha kuamua kununua, na asiyetaka kusikia lolote katika haya niliyoyasema, naye asikubali kupunguziwa. Na aondoke na giaboksi yake kuukuu, aipeleke nyumbani, na Jumapili moja aitandikie turubai uani aifungue, ajue ni beringi ya namba gani iliyomgharimu hesabu ya mwezi.